Mita Nne na Nusu

Jumamosi soko la Lautoka halina adabu. Watu wanaombana radhi kwa mdomo huku viwiko vikiendelea na kazi yake, na ukisimama kutafakari bei ya mihogo utasukumwa mpaka kwenye samaki. Oktoba ile joto lilikuwa limelalia mabati tangu saa mbili asubuhi, na kiwanda cha sukari kilikuwa kinatema masizi yake ya msimu, vipande vyeusi vyepesi vinavyoelea na kutua juu ya nyanya, juu ya nywele, na hasa juu ya chochote cheupe. Vasiti alikuwa ameshakoma kuvaa nyeupe mpaka miwa iishe. Siku hiyo alikuwa na gauni la pamba la rangi ya ndimu, alilolishona mwenyewe, na tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni kwa kuwa aliisahau alipotoka kazini. Alikuja kumnunulia baba yake yakona, mizizi ya kusaga na kunywa Jumapili, basi.

Mbele yake kwenye foleni palikuwa na mgongo.

Ndicho alichokiona kwanza, mgongo. Fundi cherehani hana njia nyingine ya kumtazama mwanamume. Ulikuwa mpana, umenyooka, umefungiwa ndani ya koti zito la bluu lililobana mabega na kujikunja katikati, na jasho lilikuwa limeshapenya mpaka nje. Chini alivaa sulu ya heshima, ile sketi ya kiume yenye mifuko, imemfika chini kidogo ya magoti, imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata.

"Samahani, kaka," Vasiti alisema. "Hilo koti ulishonewa au ulihukumiwa?"

Mwanamume aligeuka. Alikuwa na uso mpole, masharubu membamba, na macho yaliyoanza kulegea kwa joto.

"Nilishonewa," akasema. "Suva. Fundi wa ghorofa ya tano, mwenye kiyoyozi."

"Ndiyo maana. Aliyekaa kwenye kiyoyozi anashona kwa ajili ya kiyoyozi." Vasiti alishika ncha ya koti bila kuomba ruhusa, akaipindua. "Toba! Bitana ya nailoni mpaka kwapani. Na katikati ameweka nini humu, godoro?"

"Alisema bila hivyo halitakaa vizu..." Neno halikuisha. Magoti yake yalifanya kama yanataka kukaa.

"Vua."

"Sikujui, dada yangu."

"Utanijua ukishazimia? Vua!"

"Mvue, binti, mvue!" alipiga kelele mama muuza yakona, akikinga mafungu yake kwa mikono miwili. "Asije akaniangukia kwenye biashara!"

Vasiti akalivuta koti toka nyuma kama anamenya ndizi. Ndani shati lilikuwa limelowa chapachapa. Watu wakacheka, mmoja akaleta dafu, na yule bwana akanywa amesimama, macho yamefumba, mpaka dafu likaisha.

"Naitwa Netani," alisema alipopata pumzi. "Naendesha garimoshi la miwa. Leo nilikuwa kwenye ubatizo, nikasema nijaribu koti kabla ya siku yenyewe."

"Siku ipi?"

"Kijijini kwetu, juu huko milimani nyuma ya Ba, wanafungua kanisa jipya mwezi ujao. Baba hayupo tena, kwa hiyo mimi ndiye nitasimama kwa niaba ya nyumba yetu. Nusu siku, juani."

"Nusu siku ndani ya hili? Watakubeba."

"Sasa nifanyeje?"

"Tafuta fundi mwenye akili. Panda ngazi juu ya duka la masufuria, nyuma ya kituo cha mabasi. Uliza kwa Hasmukh."

"Hasmukh ndiye wewe?"

"Hasmukh ndiye mwenye duka," alisema Vasiti, akichukua fungu lake la yakona. "Mimi ndiye mwenye akili."

Alikuja Jumanne, ametoka zamu, amejisugua kwa sabuni mpaka kwenye viwiko ili asichafue kitambaa cha mtu. Vasiti aliliona hilo kabla ya kitu kingine. Mzee Hasmukh, aliyemfundisha kazi tangu ana miaka kumi na tisa, alikuwa dirishani akitoboa matundu ya vifungo huku redio ikimsimulia kriketi, na hakuinua kichwa.

"Nimepitia kwa mafundi wengine wawili," Netani alikiri. "Sikufichi. Wa kwanza aliniuliza nataka kufanana na nani. Wa pili akaniuliza nina haraka kiasi gani."

"Na mimi nikuulize nini?"

"Sijui. Uliza."

Vasiti alivuta daftari. "Utasimama juani kuanzia saa ngapi? Mlango wa kanisa unatazama wapi? Utakaa mkekani au kwenye kiti? Ukitoa matoleo unanyoosha mkono mmoja au yote miwili?"

Netani alihesabu kwa vidole. "Saa nne. Unatazama mashariki. Mkekani. Yote miwili."

"Basi mikono ikatwe juu kwapani, usije ukanyoosha mikono koti zima likapanda mpaka masikioni. Bitana hakuna, ila kipande kidogo mabegani. Nyuma tunapasua pande mbili ili ukikaa mkekani lisikunjamane." Alitupa majora matatu mezani. "Chagua. Usitazame rangi. Weka mdomo, pulizia."

"Nipulizie kitambaa?"

"Pumzi yako ikipita, na upepo utapita. Ikirudi usoni, ujue na jasho litarudi."

Netani akapuliza jora la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la tatu, kitani cha rangi ya mchanga, kiganja cha Vasiti kilikuwa upande wa pili, na pumzi ikamfikia. Akatoa mkono haraka kuliko ilivyohitajika.

"Hiki," alisema Netani.

"Kitani kinajikunja. Watu watasema hukupiga pasi."

"Na waseme. Nimechagua. Kitambaa na fundi, vyote."

Alimpima. Mabega, kifua, mkono. "Nyoosha huo mwingine, kaka."

"Usiniite kaka," alisema Netani, haraka, karibu kwa ukali.

"Heh! Nikuite nani, mheshimiwa?"

"Netani. Niite chochote kile, dereva, mlevi, lakini kaka hapana."

Vasiti aliinamia daftari ili asionekane anatabasamu. Mwanamume akikukataza kumwita kaka, mwanamke yeyote wa mjini anajua afahamu nini.

Baada ya hapo simu zikaanza.

"Halo, fundi. Vifungo viwe vya kifuu au vya plastiki?"

"Tulishakubaliana vya kifuu. Mbona kuna kelele, uko wapi?"

"Relini. Nasubiri ng'ombe wa watu wavuke. Wanne wameshavuka, wa tano ananitazama tu."

"Mpigie honi."

"Nikipiga honi watavuka wote, halafu itabidi nikate simu."

Koti la kitani lisilo na bitana ni kazi ya siku nne. Hili lilikwenda wiki tatu. Netani alikuja kulijaribu mara moja, mara mbili, mara ya tatu akidai kola inamkera, na kola ilikuwa haina neno. Wakitoka hapo walikwenda kukaa kwenye ukuta wa baharini, mchana, chini ya miti, wakila roti, chapati za kukunja zenye mchuzi wa viazi. Netani alikuwa anampa Vasiti nusu yenye viazi vingi na kusema hapendi viazi, uongo mtupu.

"Laazizi," alisema siku moja, kama mtu anayejaribu kiatu. "Nikikuita hivyo utanipiga?"

"Jaribu tena nione."

"Laazizi."

"Sijaamua. Jaribu kesho."

Mzee Hasmukh alikuwa anaona yote. "Mwanangu," alisema, meno yakiwa yamebana uzi, "miaka arobaini nimeshona makoti. Kola haijaribiwi mara tatu. Mwambie huyo dereva kama anataka kukuangalia, aje akuangalie bure."

Tusizunguke. Vasiti alimpenda. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, alishapima wanaume mamia, na hakuwahi kusikia mikono yake ikipoteza hesabu kwenye tepu. Kwa huyu ilipoteza. Alikuwa anangoja tu neno moja kutoka kwake, na alikuwa na hakika linakuja.

Badala ya neno likaja furushi.

Netani alilifungua mezani. Pamba nzuri, kijani kilichoiva chenye majani meupe ya kangaga, laini mkononi. "Sare yetu ya ufunguzi," alisema. "Kila nyumba ina yake. Nishonee shati la kuvaa ndani ya koti."

Vasiti alikipima kwa mkono. "Mita kumi na moja! Shati lako ni mbili na nusu. Unashonea na garimoshi?"

"Na gauni." Netani alitoa karatasi mfukoni, akaisukuma mezani kwa kidole. Macho yake yalikuwa sakafuni. "Vipimo hivi hapa."

Ulikuwa mwandiko wa kike, safi. Kifua, kiuno, nyonga, urefu, na chini kabisa: *kwapani pasibane, tafadhali.* Jina hakuna.

"Gauni la nani?"

"La mtu wa kwetu."

"Nani?"

Masikio ya Netani yalikuwa yamewaka. "Wewe shona tu, Vasiti. Atakuja mwenyewe kulijaribu, anafundisha shule huko Tavua."

"Kwenye daftari lazima niandike jina."

"Andika... andika wa pili."

Vasiti akaandika *wa pili*. Mahali popote visiwani humu, mwanamume na mwanamke wakivaa kitambaa kimoja mbele ya kijiji kizima, kanisa likifunguliwa, mchungaji akiwepo, hakuna anayehitaji kutangaziwa uchumba. "Gauni litakula mita nne," alisema, na alishangaa sauti yake imetulia. "Utabakiwa na nne na nusu."

"Hizo ziache zikae kwako. Zina kazi yake, nitakuambia."

Nepi, aliwaza Vasiti. Atamwambia akate nepi.

Alipoondoka, alitazama tena ile karatasi. Kiuno sabini na nne. Chake yeye kilikuwa themanini na moja, na hilo nalo lilimuuma, hata kama si haki.

Simu ililia jioni ile akaiacha. Ikalia kesho yake, na kesho kutwa. Alimjibu kwa ujumbe mmoja tu: *Kazi yako iko kwa Mzee Hasmukh.* Lakini haikuwa kweli. Mzee alikataa kulishika lile gauni, akasema macho yake ni ya makoti, na Vasiti akalishona mwenyewe. Hakuna mtu angesema ameliharibu kwa wivu. Kila hasira aliyokuwa nayo aliimalizia kwenye mishono, nayo ikatoka imenyooka kuliko mishono yote ya mwaka ule. Nyumbani baba yake alimuuliza kwa nini hali, na kaka yake Sireli, waliyegombana naye kila siku kwa ajili ya televisheni, alimwachia televisheni bila kuombwa. Ndipo Vasiti alipojua anaonekana vibaya kweli.

Jumamosi Netani alikuja. Alipanda ngazi mbilimbili, akasimama mbele ya cherehani bado ana fulana ya kazi.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Koti lako limekwisha, shati limekwisha. Lile pale."

"Vasiti, siku nane hupokei simu. Nimewapigia honi ng'ombe wa watu mpaka mwenyewe amekuja kulalamika. Niambie nimekosa nini."

"Nimesema hujakosa. Ila ukitaka nguo nyingine, tafuta fundi mwingine."

"Nimeshachagua fundi."

"Chagua tena! Kuchagua si unajua?"

Netani alifungua mdomo. Mlangoni kukasikika hatua, na sauti ya kike ikasema, "Hodi wenyewe, hapa ndipo kwa Hasmukh?"

Akaingia mwanamke mrefu, mwembamba, nywele zimechanwa duara zuri, amevaa blauzi ya maua na kubeba mkoba wa mwalimu. Netani alimwona, na hapo hapo neno likamkauka. Aliinamisha kichwa. Hakumsalimu, hakumtazama. Aligeuka akapita kando ya meza ya pasi, akatokea mlango wa nyuma, akasimama huko nje penye ngazi ya chuma, mgongo umeelekea ukutani.

Na yule mwanamke naye alitazama dirisha mpaka alipokwisha kupita.

Aibu imemshika, Vasiti aliwaza. Amekutwa.

"Karibu," alisema. "Gauni liko tayari."

Alimvisha nyuma ya pazia. Likamkaa. Likamkaa mpaka Vasiti akatamani lingembana mahali. Alipiga magoti kuweka pini kwenye pindo, mdomo umejaa pini, na mwanamke akajitazama kiooni, akapapasa kwapa.

"Dada, una mikono! Haliniumi popote. Mimi naitwa Kelera."

"Mm." Vasiti alitoa pini ya mwisho mdomoni. Afadhali kuyamaliza. "Na harusi ni lini?"

"Harusi ya nani?"

"Yako. Na Netani."

Kelera alimtazama kupitia kioo. Kisha akaanza kucheka, akajishika mbavu, pini ikamchoma, akapiga yowe, akacheka tena mpaka machozi. "Toba yarabi! Usinichekeshe na mapini haya! Mimi na yule? Dada wee, tumetoka tumbo moja!"

Dirishani Mzee Hasmukh alizima redio.

"Tumbo moja?" Vasiti alirudia. "Mbona amekukimbia sasa hivi?"

"Amenikimbia? Amenipa heshima yangu. Kwani wewe wa wapi?"

"Mimi nimezaliwa hapa hapa Lautoka, karibu na bandari."

"Ahaa. Ndiyo maana." Kelera alifuta macho. "Sisi wa milimani bado tunashika. Kaka na dada wakishakua hawasemeshani. Hawakai chumba kimoja, hawatajani majina. Mimi tangu nina miaka kumi na miwili sijamsemesha. Nikiwa na neno namtuma mtu, naye hivyo hivyo."

"Hata kwenye simu?"

"Simu ndiyo kabisa." Alilaza mkono juu ya kitambaa. "Mama alipotutoka, baada ya baba, tulibaki wawili ndani ya ile nyumba. Yeye kona hii, mimi kona ile. Tulilia siku tatu bila neno. Lakini kila asubuhi nilikuta kuni zimepasuliwa na maji yamechotwa. Usidhani hatupendani."

Vasiti alikuwa bado amepiga magoti. Usiniite kaka. Kumbe mtu yule alikuwa anaogopa. Dada kwake ni mtu asiyeweza kumtazama usoni, na yeye alitaka kumtazama. Na siku ile ya karatasi masikio yalimwaka kwa sababu alikuwa analazimishwa kutaja jina asilolitamka tangu utotoni. Na yeye Vasiti, mwenye akili, amemfukuza.

"Mungu wangu," alisema. "Nimemwambia atafute fundi mwingine."

"Nimesikia toka ngazini. Mtaa mzima umesikia." Kelera aliinama, akamshika bega. Sasa macho yake yalikuwa yanacheza. "Kumbe wewe ndiye Vasiti. Shangazi aliniambia tu kuna fundi. Haya, inuka, uwe mjumbe wetu. Mwambie kwamba gauni limenikaa."

Vasiti alifuta magoti, akaenda mpaka mlango wa nyuma. Netani hakugeuka. Alikuwa anachokonoa rangi ya ngazi kwa ukucha.

"Anasema gauni limemkaa."

"Mwambie nimefurahi," Netani alisema, kwa huzuni.

Vasiti akarudi. "Anasema amefurahi."

"Muulize," alisema Kelera, kwa sauti ya mwalimu inayofika mpaka viti vya nyuma, "mbona shangazi aliniambia ninunue kitambaa cha watu watatu, na nyumba yetu ina watu wawili?"

Hapakuwa na haja ya kulibeba swali hilo, lilikuwa limeshafika mlangoni lenyewe. Lakini desturi ni desturi, na Vasiti alilibeba. "Anauliza... zile mita nne na nusu ni za nini."

Netani aligeuka. Alimtazama Vasiti usoni, sawasawa, kama mtu asiyeogopa tena. "Ulidhani ni za nini?"

"Nilidhani unamuoa."

"Namuoa nani?"

"Wa pili."

Ilimchukua muda, maskini. Kisha akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Vasiti! Siku nane zote! Mimi nilidhani unajua. Wewe ni mtu wetu, nikasema ataelewa tu. Nilisahau wewe ni wa bandarini."

"Sisi kwetu kaka na dada tunapigana kwa ajili ya televisheni."

"Niliagiza ya watatu kupitia shangazi kwa sababu sare ya watu wawili inatia huruma," alisema Netani. "Miaka minne tunasimama wawili, yeye huko, mimi huku, kijiji kinatuangalia kama watu waliobaki. Nilitaka mwaka huu tuwe watatu. Nilikuwa nangoja koti liishe ili nikuulize nimevaa kitu cha maana. Nakupenda, Vasiti. Utavaa sare yetu?"

Vasiti aliitikia kwa kichwa, na baadaye kwa neno, na baadaye kwa machozi ambayo aliyafuta kwa ncha ya tepu.

"Amesemaje?" aliuliza Kelera toka ndani.

"Amesema nivae," Vasiti alijibu. "Na mimi nimesema ndiyo."

"Mwambie amechelewa, lakini amefanya vizuri. Sasa nani anakupima? Fundi hajipimi."

"Mimi wanawake sipimi," Mzee Hasmukh aliwahi.

"Nakupima mimi," alisema Kelera. "Yeye aandike."

Basi ikawa hivyo. Netani akiwa ngazini na daftari, Kelera nyuma ya pazia na tepu, na Vasiti katikati akipeleka namba zake mwenyewe kwa mwanamume anayempenda. Walipofika kwenye kiuno Kelera alisoma themanini na moja, akamnong'oneza, "Tumwambie sabini na tisa?"

"Mwambie themanini na moja," alisema Vasiti. "Simwanzi na uongo."

"Na jina?" Netani aliuliza, kalamu juu. "Niandike wa tatu?"

"Andika Vasiti. La ukoo mbele yake liache wazi mpaka ufike kwa baba yangu, na usije mikono mitupu."

Alikuja Jumapili ya pili yake, saa saba mchana, jua likiwa limesimama juu ya bati la nyumba ya baba yake Vasiti, mpakuzi mstaafu wa meli. Walikuja wanaume sita wa upande wake, na mbele yao jino la nyangumi la kuposea, limefungwa kamba. Wote walikuwa wanatiririka. Mjomba aliyekuwa msemaji alijifuta uso mara nne kabla ya kumaliza salamu. Netani alikaa nyuma yao mkekani, kimya kama inavyompasa anayeposa, ndani ya koti la kitani la rangi ya mchanga, vifungo vya kifuu, na shati la kijani chenye majani meupe. Vasiti alikuwa jikoni na mama yake, anachungulia upenyoni. Alikuwa anatazama mgongo.

Ulikuwa mkavu.

Baba yake alilipokea jino kwa mikono miwili, akalitazama, akalibusu kama desturi inavyomtaka anayekubali. Wote wakashusha pumzi. Lakini mzee hakuliweka chini. Macho yake yalikuwa yamewapita wajomba, yamefika nyuma, yametulia kwenye koti.

"Kijana," alisema. "Humu ndani sote tunaiva. Wewe tu ndiye umekaa kama uko kivulini. Hilo koti kakushonea nani?"

Netani alimtazama mjomba wake kuomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Yumo humo jikoni, baba," alisema.